Nyambizi ya Uingereza E11 (1914–1921): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi hukutana na jina la E11 wakisoma habari za vita vya Gallipoli vya mwaka 1915, na hubaki na picha moja kichwani: nahodha shujaa akiichungulia Istanbul kutoka chini ya maji. Jambo hilo lilitokea kweli, lakini ni nusu ya habari. E11 iliingia Bahari ya Marmara, iliyo kati ya mlango wa Dardanelles na Istanbul, mara tatu na kutoka salama mara zote tatu, katika mwaka ambao nyambizi nane za Waingereza, Waaustralia na Wafaransa ziliingia njia hiyohiyo zisirudi. Ushujaa haukosekani katika hizo nane pia. Ninaloamini, baada ya kuifuatilia historia hii kwa muda mrefu, ni kwamba E11 iliokolewa na uangalifu wa watu thelathini na kitu walioijua betri yao, hewa yao na maji waliyopita. Majibu haya yameandikwa kutoka upande huo.

E11 ilikuwa chombo gani?

Ilikuwa nyambizi ya jeshi la wanamaji la Uingereza, ya daraja la E, iliyoundwa na kiwanda cha Vickers katika mji wa Barrow-in-Furness. Ilishushwa majini tarehe 23 Aprili 1914 na kuanza kazi Septemba mwaka huo, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa na umri wa mwezi mmoja na nusu hivi.

Mbona ina herufi na namba tu, haina jina?

Ndivyo nyambizi zote za Uingereza zilivyokuwa wakati huo. Ya kwanza kabisa, iliyoshushwa 1901, iliitwa Holland 1 kwa heshima ya mbunifu wake, John Philip Holland. Baada yake ukaja mfululizo wa A, B, C, D, kisha E. Kila herufi ilikuwa hatua ya ufundi. Zile za A, B na C zilikuwa na injini za petroli, na mvuke wa petroli ndani ya chuma kilichofungwa ni hatari isiyohitaji maelezo. Kuanzia D wakahamia dizeli. Daraja la E ndilo lililobeba kazi nzito ya Waingereza katika vita hivyo.

Ilikuwa na ukubwa gani, na ndani kulikuwaje?

Urefu wake ulikuwa mita 55, upana haukufika mita 5. Ikiwa juu ya maji ilikuwa na tani 667, ikizamia, 807. Juu ya maji ilisukumwa na injini mbili za dizeli, kila moja nguvu farasi 800, ikakimbia noti 15 hivi (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa). Chini ya maji dizeli haiwezi kufanya kazi kwa sababu inahitaji hewa, kwa hiyo hapo kazi yote hufanywa na mota za umeme zinazokula betri. Ilikuwa na mabomba matano ya kurushia torpedo, yaani kombora linalojiendesha ndani ya maji: mawili omo (mbele), moja tezi (nyuma), na mawili ubavuni, moja kila upande.

Watu kama 31 waliishi humo. Vitanda havikutosha, wengi walilala sakafuni kati ya mitambo, na chuma kilichokuwa juu ya nyuso zao kilitoka jasho na kuwadondokea usiku kucha. Mkate ulinuka dizeli. Baada ya kutwa nzima chini ya maji, hewa ilikuwa imechoka kiasi kwamba kichwa kiliuma na mtu akahema kwa nguvu akiwa amekaa tu.

Namba moja naomba msomaji aishike: kwa mwendo wa noti 5, betri ya nyambizi ya daraja hili iliweza kuipeleka maili za bahari 65 hivi, kisha basi. Ukiongeza kasi, umbali unapungua sana. Karibu kila uamuzi uliofanywa ndani ya E11 ulianzia hapo.

Nahodha wake alikuwa nani?

Luteni Kamanda Martin Eric Nasmith, mzaliwa wa 1883. Alikuwa mtu wa nyambizi tangu ujanani, na alikwisha kuonja ubaya wake. Mwaka 1905 alikuwa akiiongoza A4 katika majaribio karibu na Portsmouth maji yalipoingia ndani, yakazifikia betri, na gesi ya klorini ikaanza kujaa. Chombo kilizama kikiwa gizani, lakini wakafanikiwa kukiinua na hakuna aliyekufa. Mtu aliyepita hapo hawezi tena kuiangalia betri kama kifaa cha kawaida. Kabla ya vita alifundisha manahodha wengine kushambulia kwa torpedo, na ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa kibao kidogo cha mkononi cha kukadiria mwelekeo wa meli ya adui, kilichotumiwa na nyambizi za Uingereza kwa miaka mingi baadaye.

Msaidizi wake alikuwa Luteni Guy D'Oyly-Hughes, na afisa wa tatu Luteni Robert Brown. D'Oyly-Hughes tutakutana naye tena, akiwa ndani ya maji.

Ni kweli kwamba mwanzoni E11 ilikuwa na mkosi?

Mabaharia wangeweza kusema hivyo, na rekodi yake ya 1914 ingewaunga mkono. Oktoba, nyambizi tatu zilitumwa kupenya hadi Bahari ya Baltiki: E1, E9 na E11. Mbili za kwanza zikapita. E11 ilichelewa kwa hitilafu za mitambo, ikakuta doria za Wajerumani zimeamka, na katika kuhangaika ikairushia torpedo nyambizi ya Denmark, Havmanden, ikidhani ni ya Ujerumani. Denmark haikuwamo vitani. Kwa rehema ya Mungu torpedo ilikosa.

Desemba, manowari za Ujerumani zilipokuwa zikirudi kutoka kupiga miji ya pwani ya mashariki ya Uingereza, E11 ilipata nafasi ya kuilenga manowari yao kubwa, Posen. Ikakosa tena.

Siku ya Krismasi 1914 ndipo ikapata kazi ya kujivunia. Ndege za majini za Waingereza zilikwenda kushambulia Cuxhaven, na baadhi zilirudi baharini mafuta yakiwa yamekwisha. E11 iliwaokoa marubani wa ndege tatu huku puto kubwa la kijeshi la Wajerumani likikaribia juu yao. Walipokwisha kuingia wote, nyambizi ikazamia, mabomu yakapasuka juu yake, nao wakakaa kwenye sakafu ya bahari wakala chakula chao cha sikukuu.

Kwa nini ilipelekwa Dardanelles?

Aprili 1915 Waingereza, Wafaransa, Waaustralia na Wanyuzilandi walishuka rasi ya Gallipoli, wakitaka kufungua njia ya kufika Istanbul, mji mkuu wa Dola ya Osmania. Jeshi la Waturuki lililowazuia lilipata askari, risasi na chakula kwa njia ya bahari, kutoka Istanbul kuvuka Marmara, safari ya usiku mmoja. Kwa nchi kavu ilikuwa siku kadhaa: treni kwanza, halafu mikokoteni ya maksai na ngamia katika barabara mbovu. Meli za juu ya maji hazikuweza kupenya. Ilibaki kupita chini.

Ugumu wa mlango huo wa bahari ulikuwa wapi hasa?

Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Dardanelles una urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pembamba zaidi, kati ya Çanakkale na Kilitbahir, hapafiki kilomita moja na nusu. Kulikuwa na safu baada ya safu za mabomu ya kutegwa majini, mizinga pande zote mbili, na taa kali za kumulika usiku. Lakini adui mkubwa alikuwa maji yenyewe. Maji ya Marmara yana chumvi kidogo, ni mepesi, nayo hutiririka kwa juu kuelekea nje, kwenye Bahari ya Aegean. Maji ya Aegean yana chumvi nyingi, ni mazito, nayo hupita chini kuelekea ndani. Kwa hiyo juu mkondo unakusukuma nyuma, chini unakuvuta mbele, na baina yao pana mpaka ambapo uzito wa maji hubadilika ghafla. Nyambizi iliyopimwa vizuri ili ielee sawasawa kwenye maji ya juu hukataa kuzamia inapofika mpaka huo, kama mtu anayekanyaga godoro. Ukilazimisha na kupita, mara inazama kuliko ulivyotaka. Ukiirudisha juu, inachomoza mbele ya mizinga.

Sasa rudi kwenye betri. Nyambizi inayokwenda noti 5 dhidi ya mkondo wa noti 3 inasogea noti 2 tu juu ya ardhi, na umeme unaisha palepale ulipo. E15 ilisukumwa na mkondo hadi ufukweni Kepez tarehe 17 Aprili na kunaswa mbele ya mizinga. AE2 ya Waaustralia ilikuwa ya kwanza kupita, tarehe 25 Aprili, ikapotea siku tano baadaye. E14 ya Luteni Kamanda Edward Boyle ilipita na kurudi.

Nasmith hakukurupuka. Aliomba apandishwe ndege aitazame njia kutoka angani. Boyle alipotoka Marmara tarehe 18 Mei, Nasmith alikaa naye na kumuuliza yote: mkondo unageukia wapi, wapi pa kuinua periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, wapi pa kutoiinua. Akaondoka usiku uleule wa kuamkia tarehe 19, akapita chini ya mabomu, na jioni E11 ikaibuka ndani ya Marmara, watu wakafungua mlango wa juu na kuvuta hewa.

Mara ya kwanza walifanya nini ndani ya Marmara?

Waliteka jahazi dogo la matanga na kulifunga ubavuni mwa mnara wa nyambizi, wakijificha nyuma ya tanga lake kama wavuvi wa kawaida, wakingoja meli kubwa isogee. Haikuja. Tarehe 23 Mei walizamisha boti ya mizinga Pelenk-i Derya ikiwa imetia nanga mbele ya Istanbul. Wapiga mizinga wake hawakukimbia: boti ikiwa inazama chini ya miguu yao, waliilenga periskopu na kuitoboa. Hiyo ni shabaha ya kustaajabisha, na nadhani haisifiwi inavyostahili. E11 ikabaki na periskopu moja.

Na yule mwandishi wa Marekani?

Raymond Gram Swing, wa gazeti la Chicago Daily News. Tarehe 24 Mei E11 iliisimamisha meli ndogo iitwayo Nagara, abiria wakaingiwa na hofu na kukimbilia mashua za kuokolea. Swing alikuwa juu, akaitwa kueleza mzigo ni nini, naye akajitambulisha kwa utulivu. D'Oyly-Hughes alipopanda kukagua, alikuta vifaa vya mzinga na masanduku ya risasi. Abiria walipokwisha kujitenga, Nagara ikalipuliwa. Utaratibu huu, wa kusimamisha, kuwatoa watu, kukagua, ndio E11 iliojaribu kuufuata kwa meli zisizo za kivita.

Je, kweli iliingia bandari ya Istanbul?

Ndiyo, tarehe 25 Mei 1915, mchana. Ilisogea hadi mdomo wa Pembe ya Dhahabu, hori la mjini humo, penye ghala la silaha, na kurusha torpedo mbili. Moja ilikwenda kombo, ikawa inazunguka ovyo bandarini, na E11 ikalazimika kuzamia isigongwe na silaha yake yenyewe. Nyingine iliipiga Stamboul, meli ya kubeba askari iliyokuwa imefungwa gatini.

Kisha mkondo wa Bosporus, mlango wa bahari unaopita Istanbul, ukaishika. Iligusa chini, ikainuka, ikageuzwa, ikagusa tena, na kwa dakika kadhaa nahodha hakuweza kujua omo yake inaelekea wapi. Akaiacha ipelekwe kidogo, akangoja igeuke vizuri, halafu akatoka kwa mwendo wa taratibu. Uvumilivu huo, wa kutofanya kitu wakati mikono inawasha kufanya, ni ujuzi ambao nahodha yeyote wa jahazi aliyewahi kuingia mlango wa mto wenye maji makali atautambua.

Stamboul haikuzama moja kwa moja, lakini mjini maduka yalifungwa, na askari waliokuwa tayari melini wakashushwa.

Torpedo zilitosha vipi kwa wiki tatu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Hazikutosha, ila waliziokota.

Mkataba wa Hague wa 1907 ulitaka torpedo iliyokosa shabaha isibaki hatari baharini. Kwa kawaida iliwekwa ili ijae maji na kuzama. Nasmith aliziweka ziishiwe nguvu na kuelea. Kila iliyokosa ilitafutwa. Nyambizi ilisogea karibu, mtu akavua nguo, akaogelea hadi kwenye torpedo iliyojaa baruti, kifyatulio chake kikiwa tayari puani, na kukifungua kwa mkono huku mawimbi yakiyumbisha chuma kile. Nasmith mwenyewe aliingia majini kuifanya kazi hiyo. Mwanzoni waliziinua hadi sitahani na kuziteremsha kupitia tundu la omo, jambo lililochukua muda mrefu na kuiacha nyambizi wazi, isiweze kuzamia adui akitokea. Baadaye wakapata mbinu ya kuirudisha torpedo kupitia bomba lilelile la kurushia, waogeleaji wakiielekeza, bila kufungua tundu la sitaha.

Simulizi ya bomu lililonaswa ni ya kweli?

Ni ya kweli. Tarehe 7 Juni E11 ilikuwa ikirudi, mitambo yake ikiwa na hitilafu. Nasmith alikuwa ameweka torpedo mbili kwa ajili ya manowari kubwa aliyotumaini kuikuta mlangoni. Hakuikuta. Badala ya kuendelea kutoka, aligeuka nyuma, akarudi umbali mrefu kuitafuta meli ya mizigo aliyoiona awali, akaizamisha, halafu akaanza upya njia ya kutoka.

Karibu na Kilitbahir ikasikika sauti ya kukwaruza, kama mkuku unaoburuta mchanga. Lakini kipimo kilionyesha maji marefu. Nasmith akainua periskopu kidogo, akaona mbele yake, mita chache tu, bomu kubwa la majini likining'inia. Kamba yake ilikuwa imenasa kwenye pezi la kushoto, na nyambizi ilikuwa ikilikokota.

Hakumwambia mtu. Kuibuka hapo kungekuwa kufa kwa mizinga, na kuwaambia watu kungewapa mzigo wasioweza kuusaidia. Akaendelea mwendo, akitoa amri zake kwa sauti ya kawaida, akilisikiliza lile bomu, hadi wakatoka nje ya mlango kupita Kumkale. Pale akaamuru tezi iinuliwe huku omo ikibaki chini ya maji, na mota zirudi nyuma kwa nguvu zote. Maji yaliyosukumwa na mapangaboi yakapita ubavuni, kamba ikateleza, bomu likaanguka likaenda zake.

Safari ya pili ilikuwaje?

Waliingia tena tarehe 5 Agosti na kutoka mapema Septemba. Safari hii walikuwa na mzinga juu ya sitaha, na Waturuki walikuwa wametandaza wavu wa chuma mbele ya rasi ya Nagara, ndani ya mlango wa Dardanelles. E11 iliukabili kwa kina cha zaidi ya mita 30, ikaugonga kwa kasi, wavu ukaishika kwa muda, kisha ukakatika.

Tarehe 8 Agosti, asubuhi, iliikuta manowari Barbaros Hayreddin ikielekea Gallipoli na shehena ya risasi. Ilikuwa meli ya zamani, Waosmani waliinunua kutoka Ujerumani mwaka 1910. Torpedo iliipata, ikapinduka na kuzama, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kwa upande mmoja huo ni ushindi mkubwa wa E11. Kwa upande mwingine ni vijana waliokuwa wakiwapelekea risasi ndugu zao waliokuwa wakilinda nchi yao.

Afisa aliyeogelea kulipua reli, ilikuwaje?

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti, katika ghuba ya Izmit. Reli ya kutoka Anatolia kwenda Istanbul inapita karibu na pwani hapo. D'Oyly-Hughes alitengeneza chelezo kidogo kutokana na matangi matupu, akapakia kilo saba hivi za baruti, nguo, bastola, singe na filimbi, akaingia majini peke yake akikisukuma mbele yake. E11 ilisogea hadi omo yake karibu iguse mwamba.

Alipanda jabali, akaifuata reli, akawasikia watu watatu wamekaa kando yake wakizungumza. Akaacha baruti, akazunguka kwenda kuchungulia daraja lililo mbele, na gizani akaangukia katika boma la mkulima, kuku wakaruka wakipiga kelele. Wenyewe hawakuamka. Darajani kulikuwa na mafundi wanafanya kazi, haikuwezekana. Akarudi, akaweka baruti chini ya kidaraja kidogo, si mbali na wale watatu. Ili kuwasha utambi ilibidi afyatue kifaa chenye mlio. Alikifunga kwa kitambaa, lakini walisikia. Wakamkimbiza, risasi zikafuatana pande zote mbili, akakimbia kando ya reli zaidi ya kilomita moja kabla ya kujitosa baharini. Mlipuko ukasikika, vipande vikaanguka majini karibu na nyambizi.

Alipiga filimbi, haikusikika, kwa sababu E11 ilikuwa nyuma ya kona ya mwamba. Kulikuwa kunapambazuka. Akaogelea kuifuata pwani, akatupa singe na bastola maana vilimlemea. Alipozunguka kona, katika ukungu aliona mashua tatu za makasia zikimjia. Alirudi ufukweni kujificha, akatazama tena, akatambua kwamba mashua zile tatu ni omo, mzinga na mnara wa chombo chake mwenyewe. Walimtoa majini akiwa hana nguvu hata ya kujishika.

Na ya tatu?

Kuanzia Novemba 6 hadi Desemba 23, 1915: siku 47, ndefu kuliko doria yoyote ya nyambizi za washirika ndani ya Marmara. Tarehe 3 Desemba walizamisha manowari ndogo Yarhisar, kisha wakaokota kutoka majini maofisa wawili na mabaharia arobaini wake, wakawapandisha kwenye chombo cha matanga walichokuwa wamekiteka na kuwaacha waende nyumbani.

Jumla ilizamisha vyombo vingapi?

Zaidi ya 80 vya kila aina. Ningependa namba hiyo isomwe kwa makini. Meli kubwa zilikuwa chache. Sehemu kubwa ilikuwa mashua na majahazi ya matanga yaliyobeba nafaka, kuni na matunda. Baadhi yalikuwa ya jeshi au yamekodiwa na jeshi, lakini kila jahazi lina mwenyewe. Anayetoka pwani anajua kwamba chombo kama hicho ni urithi wa baba na ada ya shule ya watoto. Kuwaruhusu mabaharia washuke kabla ya kukichoma ni bora kuliko kutowaruhusu. Hata hivyo walirudi nyumbani mikono mitupu.

Je, ilibadilisha matokeo ya vita vya Gallipoli?

Ilivifanya viwe ghali na vigumu kwa Waturuki, haikuvimaliza. Askari wengi walihamishiwa njia ya nchi kavu, mizigo ikasafirishwa usiku kwa vyombo vidogo vilivyonyemelea kando ya pwani. Lakini njia ya bahari haikukatika kabisa, na mwishoni mwa 1915 na mwanzoni mwa 1916 Waingereza na wenzao waliondoa majeshi yao Gallipoli. Waturuki walishinda.

Nani alipata nishani?

Nasmith alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, Juni 1915. Maofisa wake wawili walipewa nishani za ngazi yao, na kila baharia wa E11, bila kumwacha mpishi wala fundi, alipewa medali. Nasmith akapanda hadi kuwa admirali, akafariki 1965. D'Oyly-Hughes alikufa tarehe 8 Juni 1940 akiwa nahodha wa manowari ya kubeba ndege Glorious, iliyozamishwa na Wajerumani nje ya pwani ya Norway.

E11 yenyewe iliishia wapi? Kuna chochote cha kuona leo?

Iliuzwa kama chuma chakavu huko Malta, Machi 1921, miaka saba kamili haijatimia tangu iliposhuka majini. Hakuna kilichohifadhiwa cha kuingia na kukigusa. Anayetaka kujionea udogo wa nyambizi za kwanza za Uingereza anaweza kwenda Gosport, ambako Holland 1 imewekwa katika jumba la makumbusho baada ya kuinuliwa kutoka baharini 1982.

Wenzake wa Dardanelles bado wako hukohuko. AE2, iliyotangulia kufungua njia, iligunduliwa mwaka 1998 ikiwa imekaa sawasawa juu ya mkuku wake kwenye sakafu ya Marmara, zaidi ya mita 70 chini. E14, ile ambayo nahodha wake alimweleza Nasmith kila kona ya mkondo, ilirudi Dardanelles Januari 1918 chini ya nahodha mwingine na haikutoka. Ilipatikana mwaka 2012 karibu na Kumkale, jirani na mahali ambapo bomu la E11 liliteleza na kuanguka.